Barábara na barabára: shajara ya kijitabu cha amri za Kihispania

Jumamosi, 11 Januari

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kukodi hapa Ngara, Nairobi, na wanafunzi tisa waliosalia ni watu wa kazi moja: waongoza watalii na madereva wa magari ya watalii. Wanajua kusalimu, kuhesabu na kutaja wanyama, na mmoja wao huweza kueleza tofauti kati ya duma na chui kwa Kihispania bila kutazama daftari. Wanachokosa ni amri. Mwongoza watalii, ukimsikiliza vizuri, hushinda akitoa amri kwa adabu: ketini, fungeni mikanda, sogeeni huku, shikilieni vizuri, bakini garini. Nimeandika amri 30 ambazo wao wenyewe wamesema wanazihitaji, nikazitafsiri, na 19 kati yake zimetoka na kiwakilishi cha kujirejelea, kama "se" ya "siéntese", kikiwa kimegandamana na mwisho wa kitenzi. Kwa hiyo kijitabu ninachokusudia kuandika kitashughulikia jambo hilo tu, yaani jinsi ya kuunda amri yakinishi kwa vitenzi vya kujirejelea vya Kihispania, kwa maelezo ya Kiswahili, katika kurasa zisizozidi 16, pamoja na rekodi za sauti za kusikilizwa kwenye simu.

Kabla sijaandika mstari hata mmoja nimekwisha kuona mtego wa kwanza. Aliyesoma sarufi ya Kiswahili akisikia neno "kujirejelea" hukumbuka papo hapo kiambishi "ji-": jipende, jitunze, jitayarishe. Lakini katika orodha yangu "siéntese" ni keti, "quédense" ni bakini, "bájense" ni shukeni, "acérquense" ni sogeeni, na "agárrense" ni shikilieni. Humo hamna "ji-" hata moja. Zipo zinazolingana, kama "cuídese", jitunze, na "preséntese", jitambulishe, lakini hizo ni chache na mtu akizifanya kielelezo zitampoteza. Nimeamua kulisema hili waziwazi katika ukurasa wa kwanza: kitenzi cha Kihispania kijifunzwe pamoja na "se" yake, kama vile mgeni anayejifunza Kiswahili anavyolazimika kujifunza kila nomino pamoja na ngeli yake.

Jumatano, 15 Januari

Ukurasa wa kanuni umekamilika baada ya kuandikwa upya mara nne. Nimeanza na kitenzi kimoja, "levantarse", yaani kuamka au kuinuka, kisha nikakipitisha kwa watu mbalimbali wanaoamriwa. Ukimwamuru rafiki au mtoto, yaani "tú", unachukua umbo lilelile linalotumika kusema "yeye huamka", ambalo ni "levanta", unagandisha "te", unapata "levántate". Ukimwambia mtu unayemheshimu, "usted", unachukua umbo la matakwa, "levante", ukaongeza "se": "levántese". Wakiwa wengi ni "levanten" na "se", hivyo "levántense". Ukijijumuisha mwenyewe, kana kwamba unasema "tuamke", unachukua "levantemos" na "nos", ila "s" ya mwisho wa kitenzi hudondoka, ukabaki na "levantémonos". Wahispania, ambao huwaita marafiki wengi kwa pamoja "vosotros", husema "levantaos", kutokana na "levantad" na "os", na hapo ni "d" inayodondoka.

Umbo la matakwa halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu sisi pia tunamwambia mtoto "simama" na mgeni tunamwambia "tafadhali usimame", na adabu yote imo katika kale ka "u-" ka mwanzo na "-e" ya mwisho. Tena kwetu "tayarisha" hugeuka kuwa "jitayarishe" mara tu "ji-" inapoingia, kwa hiyo sikio limekwisha kuzoea kwamba kujirejelea kwaweza kubadilisha irabu ya mwisho. Tahadhari ni moja tu: katika Kihispania "-a" huwa "-e" kwa vitenzi vya "-ar" peke yake. Vitenzi vya "-er" na "-ir" hufanya kinyume, na ndiyo maana "vestirse", kuvaa nguo, humpa rafiki "vístete" na mgeni "vístase".

Vitenzi vikaidi nimevipa nusu ukurasa. "Ponte" kutokana na "ponerse", "vete" kutokana na "irse", "hazte" kutokana na "hacerse". Nani kati yetu aliyewahi kuuliza kwa nini ni "njoo" na si "ja"? Vikaririwe. Kuhusu ukanushaji nimeandika sentensi moja, kwamba kiwakilishi huruka kikatangulia kitenzi, "no se levante", nikaishia hapo, kwa kuwa ukiufungulia mlango ukanushaji utameza kijitabu kizima.

Jumamosi, 18 Januari

Jaribio la kwanza darasani halikwenda vizuri, na ninashukuru kwamba makosa yamekuwa ya aina mbili tu. Kosa la kwanza ni "se" kwa kila mtu. Wanafunzi sita kati ya tisa walipotakiwa kumwamuru mtoto aamke waliandika "levántase", na walipotakiwa kusema "tukae" mmoja akaandika "sentémose". Nilipowauliza sababu, jibu lilikuwa la haki kabisa: "Mwalimu, si 'ji-' ni ileile kwa watu wote? Mimi ninajitayarisha, wewe unajitayarisha, wao wanajitayarisha." Mtu aliyelelewa na "ji-" hana sababu ya kutarajia kwamba alama ya kujirejelea itabadilika kufuata nafsi. Nilikuwa nimeipanga mifano yangu kana kwamba jambo hilo linajieleza lenyewe, wakati hapo ndipo penye ugumu.

Kosa la pili lilinifurahisha. Watatu waliandika "siéntesen" badala ya "siéntense", yaani waliing'oa "n" ya wingi kutoka mwisho wa kitenzi wakaipeleka mwisho kabisa, baada ya kiwakilishi. Kiswahili ndicho kilichowaongoza, kwa sababu "-ni" yetu ya wingi haikubali kufuatwa na lolote: ketini, jitayarisheni, nileteeni. Ajabu ni kwamba watu wengi wanaozungumza Kihispania tangu utotoni husema vivyo hivyo katika mazungumzo ya mitaani, na wengine husema "siéntensen", wakiweka "n" mahali pote pawili. Vitabu havikubali maumbo hayo wala mimi sitayafundisha, lakini nimewaambia watatu hao kwamba kosa lao lina wenyewe ng'ambo ya bahari.

Jumanne, 21 Januari

Nimepata nilichokuwa nikikitafuta, na nimekipata stejini. Jioni nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya matatu hapa Ngara wakati mama mmoja aliyekuwa na mafurushi mawili alipowageukia watoto wake watatu akawaambia, "Haya, nendeni zenu nyumbani, mimi nangoja huu mzigo." Mdogo wao akasitasita. "Na wewe nenda zako na wenzako." Nilitoa daftari papo hapo, mtu aliyekuwa nyuma yangu akanipita kwenye foleni, na sikujali.

"Nenda zako" ni "vete". "Nendeni zenu" ni "váyanse". "Twende zetu" ni "vámonos". Na ukitaka kumwambia mtu kwa heshima aondoke, "váyase". Kitenzi ni "irse", ambacho ni "ir", kwenda, pamoja na "se", na ile "se" haimaanishi kwamba mtu anajitendea jambo. Inaonyesha kuondoka, kushika njia yako. Hiyo ndiyo kazi ya "zako" katika Kiswahili. Hata "zi-" yenyewe haina nomino unayoweza kuionyesha kwa kidole. Imebaki imegandamana na kitenzi kama ilivyogandamana "se". La muhimu zaidi kwa wanafunzi wangu ni kwamba kijineno hicho cha Kiswahili kinafuata kitenzi na kinabadilika kwa kila nafsi: nimekwenda zangu, umekwenda zako, amekwenda zake, tumekwenda zetu. Me, te, se, nos. Nimekuwa nikieleza viwakilishi vya Kihispania kwa kutumia "ji-", ambayo haibadiliki na hukaa kabla ya mzizi, wakati kwetu kuna kitu kinachobadilika na kukaa mahali palepale panapotakiwa.

Sura ya pili inabidi iandikwe upya. "Irse" inatangulia, "levantarse" inafuata.

Jumamosi, 25 Januari

Niliandaa kadi zenye picha: mtoto, mzee, kundi la watalii, na sisi sote. Mwanafunzi anachukua kadi, anasema kwanza kwa Kiswahili "nenda zako" au "nendeni zenu" kulingana na picha, kisha anatoa Kihispania chake. Kufikia mzunguko wa pili hakuna aliyesema "se" kwa mtoto. Mzee wetu, dereva aliyeendesha magari ya watalii kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wenzake, aliiweka kadi mezani akasema, "Kumbe hii 'te' ni 'zako', mwalimu."

"Ndiyo, mzee. Na 'se' ni 'zake'."

Hapo akanibana. Ikiwa "se" ni "zake", kwa nini anapomwambia mgeni ana kwa ana aketi anatumia "se" na si "te"? Swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nimeliandika. "Usted" ilitokana na "vuestra merced", namna ya zamani ya kumwita mkubwa kwa cheo chake, na kwa kuwa unakitaja cheo badala ya kusema "wewe", kitenzi na kiwakilishi chake hufuata nafsi ya tatu. Nilimkumbusha mzee jinsi mtu anavyosema mbele ya mkubwa, "Mheshimiwa aketi," huku mheshimiwa mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakuuliza tena. Mfano huo umeingia katika ukurasa wa 5.

Ipo mipaka na nimeiandika. Wanafunzi walianza kwa furaha kutunga "kaa zako" kwa "quédate" na "lala zako" kwa "duérmete", na Kiswahili hakina ubishi na maneno hayo, lakini yana harufu ya "usinisumbue" ambayo "quédate" haina. "Vete" inayo; ukimwambia mgeni "vete" umemfukuza. Kwa hiyo "zako" ni ngazi ya kupandia, na ukishafika juu unaiacha.

Alhamisi, 30 Januari

Nilipeleka faili kwenye duka la uchapishaji lililoko upande wa River Road ili watoe nakala 25, nikaondoka bila kutazama nakala ya kwanza, jambo ambalo nimewaonya watu wengine wasilifanye kwa miaka mingi. Kompyuta yao haikuwa na fonti yangu. Kila irabu iliyokuwa na alama ya shadda, yaani mkazo wa silabi, ilitoka bila alama: "levantate", "vistase", "vamonos", "acerquense". Walikubali kurudia kwa nusu bei lakini si kabla ya Jumatatu. Kesho kutwa ni darasa. Nimechukua nakala zilivyo.

Jumamosi, 1 Februari

Nilifikiri siku itapotea, na badala yake leo nimejifunza mengi kuliko katika majuma matatu yaliyopita. Niliwagawia nakala zisizo na alama bila kusema neno, nikawaomba wasome kwa sauti. Wote tisa, bila hata mmoja kusita, walisoma "levantáte", "sientáte", "acerquénse". Shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka shadda huhama nalo: tunasema "sóma" lakini "soméni", "jitayaríshe" lakini "jitayarishéni". Mtu wetu anapoliona "levanta" limeongezewa "te" mkiani, ulimi wake husukuma shadda mbele silabi moja pasipo kumwomba ruhusa. Kihispania hakihamishi. Shadda ya "levánta" iko kwenye "van", na itabaki kwenye "van" hata ukigandisha viwakilishi viwili. Alama inaandikwa kwa sababu hiyo, kwani neno limerefuka na shadda imekataa kuondoka mahali pake.

Anayetusomea rekodi za sauti ni mzaliwa wa Rosario, Argentina, anayeishi hapa Nairobi, naye alikuwa amekuja kusikiliza. Aliposikia "levantáte" kutoka vinywa tisa alicheka hadi akakaa chini, kisha akaeleza kwamba wamesema sawasawa na watu wa kwao. Argentina, Uruguay na sehemu nyingi za Amerika ya Kati hawamwiti rafiki "tú" bali "vos", na amri ya "vos" hutengenezwa kwa kuondoa "r" ya kitenzi jina na kuweka shadda kwenye irabu inayobaki: "levantar" huwa "levantá", na kwa kujirejelea "levantate". Kwa kuwa shadda imeangukia silabi ya pili kutoka mwisho na neno linaishia kwa irabu, kanuni za tahajia hazidai alama. Wanafunzi wangu walikuwa wamekosea Kihispania cha Madrid na Bogotá wakakipata cha Buenos Aires bila kukusudia. Alituongezea "sentate", "vestite", "ponete", na akasema kwamba kwa "irse" wao hukopa kitenzi kingine kabisa, husema "andate".

Kicheko kilipotulia lilibaki swali la jinsi ya kuwafikisha kwenye "levántate". Nilikuwa nikichora mistari ubaoni, huu wa juu na huu wa chini, na nikiona wazi kwamba michoro haisaidii, ndipo mwongozaji mmoja mzaliwa wa Mombasa aliposema kutoka nyuma: "Mwalimu, si ni kama barábara?"

Kiswahili kina maneno machache yanayokaidi kanuni ya shadda, na hilo ni mojawapo. "Barabára" ni njia ya magari. "Barábara" ni sawasawa, vizuri kabisa. Silabi nne zilezile, na shadda imerudi nyuma hatua moja. Le-ván-ta-te, ba-rá-ba-ra. Tulisema maneno hayo mawili kwa kupokezana, mkono ukipiga meza kwenye silabi ya pili, na kisha tukapitia "acércate", "prepárate", "preséntate", "acuéstate", "abróchense", "sentémonos". Yote yanaingia katika mdundo huohuo. Na "levantate" ya Argentina ni barabára.

Jumatano, 5 Februari

Nimeandika sura ya shadda upya kuanzia mwanzo, na sasa ndiyo sura ndefu kuliko zote, kurasa nne. Nimeilaza juu ya jozi hiyo moja. Maneno marefu zaidi yana mahali pake: "quíteselo", yaani akivue, ina viwakilishi viwili na shadda yake iko silabi ya nne kutoka mwisho, mahali ambapo ulimi wa Mswahili haujawahi kufika. Dawa niliyoiona ni kulitamka kwanza lile fupi, "quite", mara kadhaa, kisha kuongeza "se", kisha "lo", huku shadda ikishikiliwa palepale, kama mtu anayefunga tela nyuma ya gari bila kusogeza usukani.

Maumbo mafupi yameleta utata mdogo. "Ponte", "vete" na "date" katika "date prisa", fanya haraka, hayana alama kwa sababu silabi ni mbili na shadda iko pale kanuni inapoitarajia. Lakini nilinunua kitabu cha zamani cha sarufi kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya Mtaa wa Tom Mboya, na humo "estate quieto", tulia, imechapwa "estáte", kwa alama. Kitabu hakikukosea. Zamani kitenzi kilichokuwa na alama kikiwa peke yake, kama "está", kiliendelea kuibeba hata baada ya kugandishwa kiwakilishi. Chuo cha Kihispania (Real Academia Española), chombo kinachosimamia kanuni za lugha hiyo, kiliondoa desturi hiyo katika kanuni za tahajia za mwaka 1999, na tangu hapo neno zima hufuata kanuni za kawaida. Nimeweka maelezo hayo kwa mistari mitatu, kwa ajili ya yeyote atakayenunua kitabu kama changu.

Jumamosi, 8 Februari

Nakala sahihi zimefika. Leo tulikuwa na gari la mmoja wa madereva, limeegeshwa uani, na kila mwanafunzi alipata zamu ya kuwaamuru wenzake waliokaa ndani kama watalii. Mzee alifungua mlango kwa heshima zote, akanyosha mkono kuelekea kiti cha mbele, akasema, "Siéntase aquí, señora." Mwana-Argentina wetu, aliyekuwa mgeni wa zamu hiyo, alibaki amesimama, akaweka mkono kifuani na kuuliza ajisikie vipi.

Irabu moja ndiyo iliyomponza. "Sentarse" ni kuketi na kitenzi chake ni cha "-ar", kwa hiyo mgeni huambiwa "siéntese". "Sentirse" ni kujisikia, ni cha "-ir", kwa hiyo mgeni huambiwa "siéntase". Kwa rafiki mambo yanageuka tena: "siéntate" ni keti na "siéntete" ni jisikie. Sijaona jozi nyingine yenye kuchosha namna hii katika orodha yote, hasa kwa kuwa vitenzi vyote viwili hupasua irabu ya shina kuwa "ie" na vinafanana kabisa hadi kufikia silabi ya mwisho ya kitenzi. Vyote viwili hutumiwa na mwongoza watalii, kwani "siéntase como en su casa" ni karibu nyumbani. Nimeongeza ukurasa mzima na rekodi nne, kila sentensi ikisomwa polepole na kisha kwa mwendo wa kawaida.

Mahali pamoja walipita bila kujikwaa. "Lávense las manos", naweni mikono, na "quítense los zapatos", vueni viatu, hazitaji ni mikono ya nani wala viatu vya nani, kwa sababu kiwakilishi kimekwisha kusema. Kiswahili nacho hakitaji. "Naweni mikono yenu" inasikika kana kwamba kuna hatari ya mtu kunawa ya jirani. Hapo sikuandika kanuni yoyote.

Alhamisi, 13 Februari

Suala la "vosotros" limeamuliwa. Wageni wengi wanaotoka Amerika ya Kilatini hawalitumii, na mgeni kutoka Hispania akiambiwa "siéntense" ataelewa na kuona ameheshimiwa. Kwa hiyo maumbo ya "-aos", "-eos" na "-íos" yamepewa ukurasa mmoja wa mwisho, wa kusikia na kuelewa tu. "Vestíos" ina alama na "levantaos" haina, na sababu nimeieleza: "i" yenye shadda iliyo kando ya "o" lazima ibebe alama ili silabi zitengane. "Irse" ndiyo pekee inayokataa kudondosha "d", ikatoa "idos". Wahispania wenyewe kwa kiasi kikubwa husema "iros", na mwaka 2017 Chuo cha Kihispania kiliikubali pia. Mwana-Argentina wetu anasema hajawahi kutamka hata moja maishani mwake, na rekodi zake za ukurasa huo zinaonyesha.

Jumamosi, 22 Februari

Jaribio la nje, katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, tukiingia kwa lango la Barabara ya Lang'ata mapema asubuhi, magari mawili. Humo haturuhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, kwa hiyo amri za siku zilikuwa "abróchense los cinturones", "agárrense bien" penye mashimo, na "quédense en el coche", ambayo ilirudiwa mara nyingi kuliko zote kwa sababu ya faru mmoja aliyekuwa karibu na njia. Mahali pa kwanza pa kushuka palikuwa pale ambapo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu mnamo Julai 1989. Mzee alisimamisha gari, akazima injini, akageuka. "Bájense, por favor. Acérquense." Shadda zote mahali pake. Kisha akaeleza habari za moto ule kwa Kihispania cha polepole, akichanganya nyakati za vitenzi hapa na pale, na hakuna aliyemkatiza.

Tulipomaliza alitaka kuwarudisha garini, akafungua kinywa, akanitazama. Kurudi garini ni "súbanse", pandeni, kutokana na "subirse", na kitenzi hicho hakikuwa katika orodha yetu ya amri 30. Tuliwafundisha kushuka tu. Akafikiri kidogo, akapiga mlango wa gari kwa kiganja, akasema, "Vámonos," na wote wakapanda.

Rekodi ya "súbete, súbase, súbanse" itafanywa Jumanne, pamoja na kurudia "idos".